Vyombo Vyangu Havikuwa Pamba

Waliokuwepo siku ile tuliyohama ni hawa: mimi, mume wangu, ambaye sasa ni marehemu, mdogo wake, yaani shemeji yangu, aliyetoka Misungwi kuja kutusaidia kupakia, jirani yetu wa ukuta mmoja, mama wa Kihaya ambaye mumewe alifanya kazi kiwanda kimoja na wangu, na dereva wa lori. Majina yao ninayo yote kichwani, na ya baba zao, ila siyaandiki, maana wana wajukuu wanaosoma. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, hakuwepo. Yeye alikuwa Misungwi anatusubiri, na huyo ndiye aliyenitia hofu kuliko kuhama kwenyewe.

Nieleze hofu yenyewe. Wifi aliachika akarudi kwao, na baba mkwe alipofariki mji wote wa baba yao ukawa mikononi mwake, chakula na meko. Kule kwetu mke anayefika na vyungu vyake, jiwe lake la kusagia na kihenge chake cha nafaka anajengewa jiko lake. Anapika anachotaka, na watoto wake wakija wanajua wanakula kwa nani. Anayefika mikono mitupu anaingia jiko la mwenzake, na anaambiwa achote unga kiasi gani. Ndiyo maana nilikuwa nimevitunza vyombo vyangu miaka yote tuliyokaa mjini, Pasiansi, kwenye nyumba za kiwanda cha pamba. Kihenge nilisukiwa na mama yangu mzazi kwa fito za porini. Watu wa mjini walinicheka, kihenge cha nini na duka liko hapo. Nikajaza mtama na michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa.

Mume wangu alikuwa mtu wa mashine ya kushindilia pamba. Pamba ikishachambuliwa inaingia laini kama povu, mashine inaibana, linatoka robota gumu unaloweza kusimama juu yake. Kazi hiyo ndiyo aliyoijua tangu ujana. Basi soko likafunguliwa, wakaja wanunuzi binafsi wenye magari yao na mizani yao, pamba ikapita mlangoni mwa kiwanda ikaenda kwingine. Watu wakapunguzwa. Walioambiwa wabaki nao wakapunguzwa. Wengine wakaenda kutafuta kazi kwenye viwanda vya samaki huko huko ziwani, lakini mume wangu alisema hawezi kunuka sangara uzeeni. Tukaambiwa nyumba inatakiwa. Kitu cha mwisho kiwanda kilichotupa ni gari la kutuhamisha, safari moja tu, na kijana wa ofisini akamuuliza mume wangu mizigo yetu ni mingi kiasi gani ili ajue atoe lori lipi, dogo au kubwa.

Mume wangu akarudi nyumbani, akaketi uani kwenye kigoda, akaniambia nitoe kila kitu nje akione. Nikatoa. Akaanza kunyoosha kidole.

"Magodoro na nguo, robota tatu. Makochi, robota nne. Vitanda vikifunguliwa, moja na nusu."

Nikamwuliza, "Na jikoni kwangu?"

"Jikoni moja."

"Moja? Kihenge peke yake kinajaza mlango."

"Kihenge hakina uzito, mama watoto. Hiyo ni hewa imezungushiwa fito."

"Sasa hewa yenyewe utaibana na nini? Vyombo vyangu si pamba. Chungu ukikishindilia kinavunjika."

Akacheka. Shemeji naye akacheka, akasema, "Shemeji, mwachie kaka. Huyu ametazama robota mpaka ukimlaza anakadiria kitanda." Jirani yangu, aliyekuwa anaanua dagaa upande wa pili, hakucheka. Akasema kwa sauti ya kutosha kusikika, "Baba, mwombe lori kubwa. Likibaki na nafasi nani atakudai?" Mume wangu akamjibu kwamba yeye hajawahi kukadiria akakosea, na hawezi kwenda kumdanganya kijana wa watu. Akaenda ofisini akasema robota kumi. Wakampa lori dogo.

Hili ndilo linaloniuma. Hakuwa mjinga. Alipima kama mtu ambaye mikono yake imezoea kila kitu kibanwe kwanza. Ila mimi nimelima pamba kabla ya kuolewa. Naijua ikiwa bado haijabanwa, inavyojaza chumba mpaka watoto wanakosa pa kulala. Nilimwambia, na hakusikia.

Lori likaja asubuhi. Yakapanda makochi kwanza, maana mume wangu alisema hayatakiwi kukwaruzwa. Likapanda kabati la vioo. Vitanda, magodoro, mabati aliyokuwa amenunua kidogo kidogo. Dereva akazunguka nyuma, akatazama, akatazama vilivyobaki chini.

"Mzee, nani alikukadiria huu mzigo?"

Mume wangu akainama kupanga mabati.

"Maana hili ni gari, siyo kiroba cha kutikisa unga ushuke."

Nikasema tumwombe dereva arudi ofisini abadilishe lori, ni mwendo mfupi tu, bado asubuhi. Dereva mwenyewe akakubali, akasema mafuta siyo yake. Mume wangu akakataa. Nilijua anaona aibu gani. Kijana yule wa ofisini alikuwa amemwambia mbele za watu kwamba makadirio ya mzee huyu hayana haja ya kuhakikiwa. Basi akaona heri vibaki vitu kuliko arudi akaseme amekosea.

Nikamwambia, "Basi shusha makochi, upakie vya jikoni kwangu."

"Nirudi kwetu na vyungu? Watasema nilikuwa natumikia nini mjini?"

"Na mimi nifike kwa dada yako na nini?"

"Tutarudi kuvichukua," akasema. Shemeji naye akadakia kwamba ataleta mkokoteni wa ng'ombe mwezi ule ule. Wakafunga kamba. Kihenge, vyungu, mtungi, jiwe la kusagia, vyote vikabaki uani. Jirani akaniambia ataviangalia. Nikampa mkono.

Tulipofika, wifi alikuwa amesimama mlangoni. Tukaamkiana vizuri, nikampa shikamoo yake. Akatazama vitu vinavyoshushwa mpaka vikaisha.

"Vya jikoni vinakuja na gari la nyuma?"

"Havikupata nafasi, wifi."

"Haya. Jiko si lipo," akasema, akamwita mtu aingize makochi.

Mkokoteni haukwenda. Kwanza ng'ombe walikuwa shambani, kisha shemeji akaugua, kisha nikaacha kukumbusha. Baadaye mume wangu alikwenda mjini kufuata mafao yake, akapita Pasiansi. Jirani alikuwa ameshahama, amerudi Bukoba. Waliohamia nyumba yetu walikuwa wanafugia kuku ndani ya kihenge. Aliniambia hivyo akiwa amekaa kwenye kochi, akavua viatu, akaomba maji. Sikumwuliza habari za vyungu.

Nikapika kwenye jiko la wifi. Alinipimia unga kwa bakuli lake, na mboga aliichagua yeye. Wageni walisifia makochi. Binti yangu alipokuja kunitembelea na mtoto mchanga, nilitaka kumkorogea mzazi uji. Wifi akasema unga wa asubuhi umeshatolewa, tusubiri wa jioni. Binti yangu alisikia. Akamfunga mtoto mgongoni, akaniaga kwamba anawahi gari. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikiwa sina hata muhogo wa kumpa. Ikapita miaka hajaja tena, na alipokuja alikuja na chakula chake kwenye kikapu.

Ndivyo ninavyokumbuka. Shemeji anasema gunia la michembe niliyoitoa kihengeni lilipakiwa, chini ya mabati. Mimi naona lilibaki. Anasema pia kwamba jirani hakuwepo asubuhi ya lori. Kama mama yule wa Kihaya bado yupo, au watoto wake wanasoma haya, waniambie mkono niliompa ulikuwa wa asubuhi ile au wa jana yake. Nikiwa nimekosea nisahihishwe, nitafuta niandike upya.