Bushi za Nyuma, Siku ya Jumapili

Jirani yule ndiye mlinzi wa utulivu wa Jumapili, maana hapa Ujerumani kelele za kazi siku hiyo ni mwiko. Wiebke alipotoboa ukuta atundike picha, alikuja kumgongea mlango: "Bibi, leo Jumapili!" Sasa Wiebke yuko dirishani na kahawa yake, anamtazama jirani huyohuyo akihangaika chini ya gari lililo juu ya jeki. Bushi za nyuma, zile raba za kushikia ekseli, zimelika, na mpya haitaki kuingia. Anaipaka sabuni ya vyombo, anaibembeleza kama mtoto aliyegoma uji, kisha anainua nyundo na kungoja. Kengele ya kanisa ikilia, naye anagonga. Ikinyamaza, ametulia kama maji mtungini. Mara kengele ikakoma, nyundo ikalia peke yake: ngwaa! Akainua macho polepole hadi dirishani kwa Wiebke.

"Leo mchungaji kaikatiza mapema," akasema.

"Basi nenda ukamgongee mlango," Wiebke akamjibu.