Vidole Vinne

Nilipelekwa sekondari ya bweni huko milimani kwenye baridi, na sketi kubwa ya kukulia. Mwaka mzima sikukua hata kidogo. Nguvu zangu zote ziliishia kwenye kutetemeka.

Niliporudi Kyela, bibi alinisimamisha kwenye nguzo ya baraza, pale alipokata alama ya kimo changu siku niliyoondoka. Nikaipita vidole vinne! Bibi akapiga vigelegele, akausifu mlima. Mlima gani! Hakutazama chini, kwenye tope nene la mafuriko lililokaukia pale nilipokanyaga. Mimi nililiona, nikanyamaza. Nilishachoka kuitwa kafupi.

Kesho yake baba akaja na jembe kukwangua tope uwanjani na barazani.

“Baba,” nikamwambia, “hapo kwenye nguzo usiguse mpaka shule zifunguliwe.”