Kazi Iwe Nyepesi

Kwa mujibu wa tangazo lililobandikwa kwenye lango la bustani, lenye muhuri na saini, korongo huihama Istanbul kabla ya majira ya baridi na hawarejei mpaka baridi iishe. Kwa sababu hiyo matawi yatakatwa sasa, na hakuna ndege atakayesumbuliwa.

Bi Mualla alilisoma akiwa na korongo wawili juu ya kichwa chake.

Maisha yake yote alishona magauni ya maharusi. Macho yalipokataa kuona tundu la sindano, alihamia kwenye vitu vikubwa zaidi, na korongo ni mkubwa. Kila baridi alikaa kwenye benchi chini ya mti mkongwe karibu na kibanda cha chai, akimtazama dume akileta kijiti na jike akikikagua kama mama mkwe anavyokagua kitambaa. Majirani walisema amepata mchumba mwenye miguu mirefu. Hakukanusha.

Asubuhi hiyo gari la ngazi lilikuwa limeegeshwa chini ya mti wenyewe. Mualla aliwaendea mafundi waliokuja kukata matawi akiwa na maneno makali aliyoyapanga njia nzima. Lakini vidole vyao vilikuwa vyekundu kwa baridi, na tangu utotoni hajawahi kumpita mtu aliye kazini bila kumsalimu.

"Kazi iwe nyepesi, wanangu."

"Ahsante, mama! Mungu akupe uzima!"

Basi. Kazi ameshaiombea heri, ataizuiaje?

"Kuna korongo pale juu," alisema hata hivyo.

Msimamizi wao, Tayyar, aliinua kichwa. "Hao wa mwaka jana, mama. Wamechelewa kuondoka."

"Wamewahi kurudi! Hukioni kiota?"

"Basi wamelitangulia tangazo. Mimi namfuata nani, korongo au tangazo?"

"Mpigie mkubwa wako."

Tayyar alipiga, maana mama wa umri ule hakataliwi simu. Sauti ya mkubwa ilisikika hadi kwenye benchi: "Haiwezekani wawepo. Tumeshatangaza."

"Umesikia, mama. Hawapo. Sogea kidogo, tawi lisije likakuangukia tukaja kuulizwa juu yako."

Mualla hakusogea. Alitafuta la kufanya, mikono yake ikapata lile pekee inalolijua mbele ya watu wenye baridi: akaenda kibandani, akarudi na sinia la chai. Msumeno wao, uliokuwa umeshawashwa, ukanyamaza. Mafundi wakanywa taratibu, wakamsifu. Alipoona jike ametulia kiotani, akaleta raundi ya pili. Wakanywa na hiyo, mmoja akimtania, "Mama, ukiendelea hivi tutaukata mti huu kiangazi!"

Mualla alicheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili, akanyanyuka kwenda kuleta ya tatu.

Tayyar akalaza kijiko juu ya glasi yake tupu. Wenzake nao wakalaza vyao. Mgeni akishalaza kijiko hivyo, humwongezi chai.

"Mikono yako isichoke, mama," alisema Tayyar kwa upole wa kweli, na msumeno ukawaka.

Jike aliruka kabla tawi halijafika chini. Mafundi walifagia vizuri, wakarudisha glasi kibandani, wakamuaga mmoja mmoja.

Alasiri dume alirudi na kijiti mdomoni. Alitua kwenye kigutu cha tawi, akasimama na kile kijiti mpaka giza lilipoingia.