Nilikwenda Kuuliza Kama Ni Kovu

Niliondoka Newala kwa sababu ya uvimbe kifuani. Nilikuwa nimemaliza dawa za saratani; uvimbe ukanywea lakini ukakataa kuondoka. Daktari akasema picha ya CT ya kawaida inaonyesha kitu kipo, haisemi kama ni ugonjwa ulio hai au kovu. Dar ipo mashine mpya: unachomwa sindano ya sukari yenye mionzi kidogo, ugonjwa ulio hai unaidaka, na mashine inaona panapong'aa. "Usile asubuhi hiyo, na siku ya kabla yake usifanye kazi nzito," akasisitiza. Sikumwambia hata binti yangu Zuhura, aliyeolewa Songea. Ana mimba changa, nimtie presha ya nini?

Alfajiri niliteremka Masasi, nikapanda basi la Dar. Zamani Baba Zuhura ndiye aliyekaa kando yangu, akinieleza kila kilima kana kwamba mimi mgeni. Marehemu alikuwa na maneno yule! Safari hii alikaa mtu aliyelala mpaka Nanganga, akashuka bila kuaga. Nikaweka mkoba wangu pale.

Dar nilifikia kwa wifi yangu, Mama Saidi, anayekaa juu ghorofani. Siku moja kabla ya kipimo maji yalikatika. Mimi mtu wa Newala nikae naangalia ndoo tupu? Nilizijaza kisimani kule chini, nikazipandisha ngazi zote kichwani mpaka pipa likajaa.

"Wifi, si umekatazwa kazi nzito?"

"Kazi gani? Haya si maji tu!"

Hospitalini, baada ya sindano, niliachwa chumbani peke yangu, nisiongee, nisitikisike. Muuguzi akanionya nisipakate mtoto siku ile. Jioni mjukuu wa wifi akanikimbilia, nikajifungia chumbani. Alilia nje ya mlango, nami nikalia ndani.

Siku ya majibu daktari alinigeuzia kioo cha kompyuta. Mabega na shingo yangu vilikuwa vinawaka. Nikajua ugonjwa umesambaa, nimekwisha.

"Mama, kabla ya kipimo ulibeba nini?"

"Maji, baba."

Akashika kichwa. "Misuli iliyofanya kazi nayo inakula sukari. Umetutia hofu! Bahati nzuri mashine hii hupiga na picha ya CT papo hapo, nayo inatuonyesha kuwa kinachong'aa ni misuli." Kisha akaweka kidole kwenye uvimbe. Pale palikuwa giza. "Hapa hapajala sukari. Ni kovu."

Nilirudi njia ileile. Kila aliyekaa karibu nami nilitamani kumshika mkono nimwambie, lakini ningeanzia wapi na mtu nisiyemjua? Newala nikapiga hodi, mjinga mimi, kwenye nyumba yangu mwenyewe, niliyoifunga mwenyewe. Kuogopa peke yangu niliweza njia nzima. Kufurahi peke yangu kulinishinda palepale mlangoni.

Nikampigia Zuhura.

"Shikamoo mama. Kuna nini?"

"Marahaba, mwanangu," nikasema, nikaanza kulia, na habari njema ikabidi isubiri.