Siku Mama Alipokataa Kuwasha Moto

Harufu ya chokaa mbichi hunichefua mpaka leo. Wapo watu ambao wakiinusa hufikiria nyumba mpya, harusi au Krismasi; mimi hufikiria unafiki. Shule yetu ya msingi kule Pasiansi ilipakwa chokaa mara moja tu kwa mwaka, Novemba ilipoelekea ukingoni na siku ya kufunga shule kukaribia, na siku hizo kila kitu kisichoweza kukimbia kilipakwa: mawe ya pembeni mwa njia, mashina ya miti, ngazi za ofisi, hata mlango wa choo cha walimu. Choo chetu wanafunzi hakikupakwa, maana mgeni hakutarajiwa kufika huko. Sisi ndio tuliochota maji ziwani kwa madumu, tukakoroga chokaa kwenye pipa lililokatwa nusu, tukaipaka kwa matambara mpaka vidole vikachubuka. Masomo yalikuwa yamekwisha kitambo. Ubao wa darasa letu la tano ulibaki na hesabu ileile ya sehemu tangu mwanzo wa mwezi, na hakuna aliyekuja kutuonyesha jibu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, soko huria limeshaingia Mwanza bila kusubiri kukaribishwa. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinaota kando ya ziwa, viwanda vya umma vinafungwa kimoja baada ya kingine, na watu wazima waliokuwa wakiitana ndugu walianza kuitana bosi. Mwalimu wetu mkuu, Mwalimu Bundala, aligeuka na upepo huo kwa wepesi wa kushangaza. Nilipokuwa darasa la kwanza alitutembeza na majembe akitufundisha kujitegemea. Nilipofika darasa la tano neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa mfadhili. Alikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa yetu, nzito, yenye fimbo ndani yake. Ya pili ilikuwa ya wenye magari, nyembamba na laini, na alipoitumia mabega yake yalijikunja kama ya mtu anayepita kwenye mlango mfupi.

Mwaka ule mgeni rasmi alikuwa Bwana Malongo, mwenye kiwanda kimoja cha minofu. Hakuwa mbunge wala diwani, lakini walimu walimwita Mheshimiwa, na sisi tukaamriwa tumwite hivyohivyo. Kwaya ya shule ilikuwa na wimbo wa zamani wa kusifu viongozi, na badala ya kutunga mwingine walitoa majina ya zamani wakaingiza lake. Halikutosha. Kila tulipofika kwenye kiitikio ilitubidi tuyabane maneno "Mheshimiwa Bwana Malongo" mahali palipotengenezewa neno moja fupi, tukawa kama watu wanaotafuna ugali wa moto. Mwalimu wa kwaya alituchapa kwa kukosea tuni. Hakufikiria kwamba kosa lilikuwa la wimbo.

Nyumba yetu ilipakana na uwanja wa shule, kati yetu ukiwa ni uzio wa minyaa wenye pengo la kupita mtu mmoja. Baba alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nguo mpaka walipompunguza kazi yeye na wenzake wengi. Baada ya hapo aliendelea kupiga pasi shati lake kila asubuhi na kwenda Nyamagana kukaa nje ya ofisi za watu. Alikuwa bado mwenyekiti wa kamati ya shule, cheo pekee alichobaki nacho, na alikishika kama mtu anayeshikilia mlingoti wa mtumbwi unaozama. Mtu alikuwa amemwambia kwamba kiwanda cha Bwana Malongo kinatafuta fundi wa mitambo ya barafu. Tangu siku hiyo baba hakuzungumza jambo jingine. Mama ndiye aliyetulisha. Alikuwa akikaanga mapanki, yale mafupa ya sangara yenye kichwa na mkia yanayobaki kiwandani baada ya minofu kukatwa na kupelekwa Ulaya. Aliyanunua, akayakausha juani, akayakaanga kwenye karai kubwa mbele ya nyumba, na watu walitoka mpaka Kirumba kuja kununua.

Siku moja kabla ya sherehe, jioni, Mwalimu Bundala alipita kwenye lile pengo la uzio akiwa na baba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama.

"Mama Leticia," alisema, akimwita mama kwa jina langu, "tuna ombi dogo. Kesho usikaange."

Mama aligeuza samaki kwenye karai. "Kesho ndiyo siku yenye watu, Mwalimu. Nimeshanunua mzigo."

"Ndiyo, lakini upepo unavuma kuja uwanjani. Harufu hii itamkera Mheshimiwa."

"Harufu ya samaki wake mwenyewe?"

Mwalimu alicheka kidogo, akimtazama baba amalizie. Baba alitazama viatu vyake. "Ni siku moja tu, mke wangu," alisema. "Jambo hili lina faida kwetu pia."

Mama hakubishana. Alisema sawa, akapuliza moto, na Mwalimu akaondoka akiwa ameridhika, huku amebeba kipande kimoja cha mkia alichojimegea bila kuomba.

Kesho yake tulipangwa uwanjani tangu asubuhi. Mheshimiwa alikuwa afike kabla jua halijapanda. Alifika likiwa limeshatuvuka utosini. Walimu walikaa chini ya turubai, sisi tukakaa juani na bendera za karatasi ambazo rangi yake ilikuwa inatuhamia viganjani. Meza kuu ilitandikwa vitambaa vilivyofumwa na wake wa walimu, juu yake soda zimepangwa mistari miwili, na tulizitazama zile soda kwa muda mrefu kuliko tulivyowahi kutazama kitabu chochote mwaka ule. Gari lilipoingia hatimaye, Mwalimu Bundala alikimbia kufungua mlango wa nyuma. Mheshimiwa alikuwa ameketi mbele. Ikabidi mwalimu wetu mkuu azunguke gari zima akikimbia, suti imemfunguka, na alipofika Bwana Malongo alikuwa ameshajifungulia mwenyewe na kushuka. Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba shule nzima iliona jambo lile na hakuna aliyecheka.

Risala ilisomwa. Wiki hiyohiyo habari za darasa la saba zilikuwa zimefika: kati ya darasa zima wamechaguliwa wawili kwenda sekondari ya serikali. Mwaka uliotangulia alichaguliwa mmoja. Mwalimu Bundala akasoma, kwa ile sauti yake laini, kwamba ufaulu wa shule umeongezeka maradufu, na wazazi waliokuwa na watoto waliofeli wakapiga makofi. Alisoma kwamba shule ina madawati ya kutosha. Sisi tuliokuwa tukikaa sakafuni mwaka mzima tulipiga makofi pia, kwa kuwa mwalimu wa zamu alikuwa amesimama nyuma yetu na fimbo. Wale wawili waliofaulu hawakuitwa mbele mpaka mwisho kabisa, wakapeana mkono na mgeni, wakarudishwa haraka kwa sababu mpiga picha alitaka kumpiga Mheshimiwa na walimu peke yao.

Kisha Bwana Malongo akasimama. Hakuwa mtu mbaya wa kutazama. Alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye jasho kama sisi. Alisema amefurahi sana, kwamba elimu ni muhimu sana, na kwamba yeye mwenyewe, kwa kujua umuhimu huo, watoto wake wote wanasoma Nairobi kwa sababu shule za huku hazifai. Alisema hivyo kwenye kipaza sauti, mbele ya walimu wa shule ya huku na watoto wa shule ya huku. Makofi yaliyofuata yalikuwa makubwa kuliko yote ya siku ile. Mwalimu Bundala alisimama kupiga. Nilimtafuta baba kule meza kuu, mwenye utepe mwekundu kifuani, nikamwona naye anapiga, na nilijisikia kama niliyemkuta uchi. Mgeni akaahidi mabati ya kuezeka madarasa mawili yaliyokuwa yanavuja, makofi yakarudi, na wakubwa wakaingia ofisini kula pilau.

Nilikuwa nimeshateleza kurudi nyumbani kunywa maji. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akimsuka mdogo wangu, karai limeegemezwa ukutani, jiko limezimwa, mzigo wake wa samaki umejaa kwenye beseni. Mara tukamwona Mwalimu Bundala anakuja mbio kupitia pengo la uzio, huku bado ana punje ya wali kidevuni.

"Mama Leticia, washa moto! Haraka! Mheshimiwa amesema alisikia Pasiansi wanakaanga mapanki vizuri kuliko mji mzima. Hajala pilau. Anasema ndiyo chakula alichokulia."

"Leo sikaangi," mama alisema.

"Hukunielewa. Ni yeye mwenyewe anataka."

"Nimekuelewa, Mwalimu. Na jana pia nilikuelewa. Mlisema nisikaange, sikaangi." Akaendelea kusuka.

Mwalimu alijaribu ile sauti yake laini, ikagoma. Akajaribu ile yenye fimbo, mama akamtazama tu. Akarudi alikotoka, na punde akaja baba. Alipita kwenye pengo kwa ubavu ili koti lisichafuke. Nilikuwa sijawahi kumwona baba akiwa na hofu ya namna ile.

"Nakuomba," alisema. "Nimekaa naye meza moja. Nilikuwa najiandaa kumweleza habari ya ile kazi. Sasa nitamwambia nini?"

"Mwambie wewe ni fundi."

"Mama Leticia, usiniaibishe mbele za watu."

Mama aliacha kichwa cha mdogo wangu. Hakupaza sauti; sijawahi kumsikia akizungumza taratibu vile. "Baba Leticia, wewe umetengeneza mashine ambazo ziliwashinda wazungu wakaziacha. Nguo walizovaa watu wote pale uwanjani siku za nyuma zilipita mikononi mwako. Leo wanakutuma mapanki, unakuja mbio. Nani amekuaibisha, mimi?"

Baba alibaki amesimama. Kutoka ng'ambo ya uzio tulisikia sauti ya Mwalimu Bundala ikiita, "Mwenyekiti! Mwenyekiti!" Nilidhani ataondoka. Badala yake aliukunja mguu wa suruali yake vizuri, akakaa kwenye ngazi ya mlango wetu, na kuanza kuhangaika na pini ya ule utepe. Iligoma kufunguka. Mama akainuka, akamfungulia, akautia utepe kwenye mfuko wa koti lake, akarudi kusuka. Mwalimu aliita tena mara kadhaa, kisha akanyamaza.

Tulichokisikia baadaye ni kwamba dereva wa mgeni alitumwa Kirumba kutafuta samaki, akachelewa, na Bwana Malongo, aliyekuwa na safari nyingine, akaondoka na gari la mtu mwingine kabla samaki hawajafika. Mapanki ya Kirumba yalikuja yamepoa, walimu wakayala na kulalamika hayana chumvi. Vumbi lilipotulia mama aliwasha moto. Uwanja ulikuwa umejaa wazazi na watoto walioshinda bila kula, maana pilau haikuvuka mlango wa ofisi wala soda haikuvuka meza kuu, na wote walipita kwenye lile pengo letu mmoja mmoja. Beseni liliisha kabla ya magharibi. Baba ndiye aliyekuwa akikata karatasi za kufungia, amevua koti.

Mabati yalikuja mwezi Februari, machache kuliko tulivyoahidiwa, yakaezeka ofisi ya mwalimu mkuu. Madarasa yaliendelea kuvuja, na kibao kikubwa chenye jina la mfadhili kikapigiliwa juu ya mlango wa darasa lililovuja zaidi. Baba hakupata kazi ya barafu. Aliiandikia kamati kwamba amechoka, na mwaka huohuo akaenda Igoma, akapanga kibanda na mwenzake aliyepunguzwa naye, wakaanza kuchomelea milango na madirisha. Hakutajirika. Lakini hakukaa tena nje ya ofisi ya mtu, na sikuwahi kumsikia akimwita mwanadamu yeyote Mheshimiwa, hata wale wenye haki ya kuitwa hivyo.

Sasa nina duka la dawa mjini, na nina watoto wawili ambao mahafali yao nimeyahudhuria mara nyingi kuliko afya yangu inavyoruhusu. Siku hizi hata anayemaliza chekechea anavalishwa joho na kofia. Kuna mshereheshaji, kuna keki, kuna muziki wa kupasua masikio, na kuna mgeni rasmi anayechelewa. Tofauti niliyoiona ni moja tu: sisi tulipigishwa makofi kwa fimbo, wazazi wa leo wanalipia kiingilio ili wapige. Mabati, kwa kweli, yapo. Vyumba vimeezekwa, madawati yapo, na mtoto wa darasa la tano bado hawezi kujumlisha sehemu.

Mwaka jana shule yangu ya zamani ilinitafuta. Mwalimu mkuu wa sasa, kijana mwenye adabu, alinipigia simu, akaniamkia shikamoo, akasema kamati imependekeza niwe mgeni rasmi wa kufunga mwaka. Nilimshukuru. Nikamwambia nitakuja kwa furaha, ila nije siku ya masomo, asubuhi mapema, nikae nyuma ya darasa la tano nisikilize wanavyofundishwa hesabu, na pasiwe na meza kuu, kwaya wala chakula. Akasema atawasilisha ombi langu kwenye kamati. Baada ya siku chache alinitumia ujumbe wenye heshima zote, akinitakia afya njema mimi na familia yangu, na kunijulisha kwamba wamepata mtu mwingine.