Kelele Nilizoagizwa Kupiga

Niliomba msaada kwa sauti yangu yote, mchana kweupe, ndani ya chumba kilichojaa walimu. Hakuna aliyegeuza shingo. Wengine walikuwa wanatabasamu.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba walikuwa wanafanya sawasawa na walivyofundishwa.

Ilikuwa likizo, tumeitwa semina ya nidhamu darasani. Nilikwenda na shemeji yangu, mume wa dada yangu, mwalimu wa hesabu. Mtu mpole balaa. Asubuhi hiyo alikuwa anajisugua kifua.

"Gesi tu, shem," akasema.

"Uzee huo," nikamtania. Tukacheka, tukaingia.

Mkufunzi wetu alikuwa mama mmoja mkavu, hana utani.

"Mtoto msumbufu anatafuta macho yenu," alisema. "Msimpe. Usimwangalie, usimjibu. Msifie aliyetulia. Akipiga kelele, akilia, akijigaragaza, wewe endelea na somo. Atachoka mwenyewe."

Tukaandika, kisha yakaja mazoezi. Mmoja afundishe, sisi wengine tuwe wanafunzi. Aliyepewa chaki ni mwalimu tuliyemwita Madam Mkasi, kwa jinsi anavyokata watu maneno. Alikuwa anangojea kupandishwa cheo, na maksi za semina zilikuwa zinahesabiwa.

Tukaambiwa tufumbe macho. Atakayeguswa bega ndiye mtundu wa darasa.

Nikaguswa mimi.

Mkufunzi akatoka nje, akasimama dirishani na kalamu yake, anamtazama Madam tu.

Basi nikajimwaga! Nikapiga meza kama ngoma. Nikabweka. Nikapiga mluzi. Nikalia, "Madam, nakufa na njaa huku!" Shemeji, tuliyekaa naye dawati moja, alicheka mpaka akafuta machozi.

Halafu akaacha kucheka.

Akanishika mkono wa shati. "Shem... kifua."

Kabla sijajibu akateleza kutoka kwenye benchi, akaanguka chini ya dawati. Macho wazi, jasho linamtiririka.

"Jamani, huyu anaumwa!" nikaruka. "Anaumwa kweli!"

Madam Mkasi akaitazama safu ya mbele. "Nampongeza dada yule. Ameketi vizuri. Tumpigie makofi."

Wakapiga makofi.

"Mchezo umekwisha! Naapa! Njooni mnisaidie!"

"Mnaoendelea na kazi yenu, hongereni sana."

Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Jamaa ana kipaji huyu." Mwenzake akajibu, "Wamepangana na shemeji yake."

Nikaanza kulia. Mwanamume mzima, kilio cha kweli, na kamasi. Lakini kulia nako si tulishaambiwa tukupuuze?

Nikamshika shemeji kwapani, nikamburuta peke yangu katikati ya madawati. Watu walisogeza miguu nipite, macho kwenye madaftari. Wanafunzi bora kabisa.

Mkufunzi tukakutana naye mlangoni. Alipomwona, kalamu ikamdondoka.

"Nilikugusa wewe!" akapiga yowe. "Yeye sikumgusa!"

Hapo ndipo kila mtu akakumbuka ana miguu. Wakaja wote kwa mpigo, huyu anapepea, yule anatafuta gari. Shemeji alikuwa ameshakata kauli. Tulimfikisha hospitali, ila hakufika jioni.

"Mngemwahisha kidogo," daktari alisema, akaishia hapo.

Dada yangu akaniuliza mbele ya watu, "Si ulikuwa umekaa naye?" Niliona aibu ya kuwa hai.

Msibani Madam Mkasi alikuja. Nilikuwa nimeshajiandaa kumsamehe. Nilipanga kumwambia hukujua, Madam, ungejuaje, mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nabweka.

Akaketi karibu yangu. Akawa anakunja na kukunjua pindo la kanga.

"Usiniambie sikujua," akasema. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Mwanzoni sauti yako ilikuwa ya mchezo. Alipoanguka, ikabadilika. Nimefundisha miaka yote hii, nitashindwaje kuijua sauti ya mtu anayeomba msaada? Niliijua. Ila yule mama alikuwa dirishani ananitazama. Nikasema ngoja nimalize zoezi."

Nikainuka, nikaenda kukaa na wachimba kaburi. Ule msamaha sijampa mpaka leo, na sijui kama ninao tena.

Mwalimu mwenzangu unayesoma hapa, sisemi mbinu ile ni mbaya. Nami naitumia, na inafanya kazi. Mtoto akikutania, mpuuze.

Lakini sauti ya mtoto ikibadilika, unaijua. Usinidanganye kwamba huijui. Mkaguzi awe dirishani, mlangoni, au amekukalia mezani kabisa, wewe weka chaki chini, geuka, nenda ukaone. Ukikuta ni mchezo, darasa zima litakucheka.

Acha likucheke. Sijawahi kumzika mtu aliyekufa kwa kuchekwa.