Kilio Kilichobaki Uingereza

Niliondoka kijijini kwa sababu mama yangu alikuwa amefariki kwetu Kalemie, nami nilitaka kumlilia kwa sauti. Utaniuliza: kulia nako ni jambo la kupandia ndege? Ngoja nikusimulie.

Asubuhi ya kuondoka kulikuwa na ukungu. Kijiji kile cha Uingereza kina kanisa la mawe, kondoo wengi, na mapazia yasiyofunguliwa. Nilikwenda huko kutunza wazee, nikakaa miaka. Baba alipofariki, nilipiga yowe jikoni kama ambavyo mtoto yeyote wa kwetu angefanya. Hakuja jirani hata mmoja, walikuja polisi. Wakaniuliza kwa upole kama kuna mtu anayenipiga. Tangu siku hiyo nikawa nalilia ndani ya taulo. Sitaki kuwasingizia ubaya: kesho yake jirani, Bibi Margareti, aliniachia keki mlangoni, akaenda zake bila kubisha hodi. Niliila peke yangu, nikaona upweke huu utanimaliza.

Kwenye basi, kwenye treni, mpaka ndani ya ndege, niliibana sauti kifuani. Nilijiambia: vumilia, utaifungulia nyumbani.

Lubumbashi, nikingoja ndege ndogo ya Kalemie, dada yangu Feza alipiga simu. "Kuja tu, mudogo wangu. Hatuwezi kuzika mama pasipo weye."

Kalemie nilifika mchana. Ziwa lilikuwa palepale, linang'aa, halina habari nami. Nikapanda pikipiki hadi kwenye kona ya kwetu, nikashuka. Ndiyo desturi: mtoto anayetoka mbali huanza kulia pale konani, akitembea, ili waliokaa matangani wamsikie na kumjibu. Uani wanawake wakanyamaza. Walikuwa wananingoja.

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Machozi yalimwagika, lakini mkono wangu ukashika ncha ya kitenge, ukaniziba mdomo kama ulivyozoea.

Feza alikuja mbio, akakivuta. "Lia, mudogo wangu! Huku hakuna mwenye atakuitia polisi."

"Haitoki, yaya," nilimwambia dada yangu.

Mwanamke mmoja mkekani alisema bila hata kunong'ona: "Ule amekuwa muzungu. Mama yake njo huyu amelala, yeye analia na macho tu."

Iliniuma, maana alisema kweli. Feza akanishika mkono, akapaza sauti: "Mama weee, miye Feza nitabakia na nani?" Kisha, bila kuniangalia: "Mama weee, miye Yolanda nimefika, amuka unipokee!" Wanawake wakamjibu, jina langu likalia kwa koo la dada yangu.

Jioni tulizika. Husemwa kwamba mwacha mila ni mtumwa. Mimi sikuiacha, iliniponyoka kidogo kidogo, mle ndani ya taulo, na sikujua mpaka nilipoihitaji. Nimerudi kwetu, nalala chumba kilekile cha utoto wangu. Lakini mama aliingia kaburini hajaisikia sauti yangu, na hakuna safari ya kwenda kulirekebisha hilo.